Chaneli 10 ya Miami ni ya nani?

Jumatatu ya tarehe 4 Agosti 2025, mkazi wa Miami aliyewasha televisheni asubuhi na kuweka chaneli 10 hakukikuta kipindi cha ABC alichozoea kunywea kahawa. Alikuta habari za mji wake, zikisomwa na watangazaji walewale wa chaneli 10, ndani ya studio ileile. ABC yenyewe ilikuwa imehamia 7.2, chaneli ndogo inayobebwa na mawimbi ya chaneli 7, stesheni ambayo kwa zaidi ya miaka 35 watu wameijua kuwa ya Fox.

Kuchanganyikiwa hapo si ujinga. Kwa miaka 68 ABC na chaneli 10 vilikuwa kitu kimoja machoni pa watu wa Florida Kusini. Sasa je, chaneli 10 imeuzwa? ABC imefilisika? Chaneli 7 imeiacha Fox? Jibu la maswali yote matatu ni hapana. Siku hiyo hakuna stesheni iliyouzwa, hakuna leseni iliyobadili mwenyewe, hakuna mnara uliong'olewa. Kilichokwisha ni mkataba, na pande mbili zilishindwa kukubaliana bei ya kuuhuisha.

Bei hiyo ndiyo yenye mambo. Nyuma yake kuna mvutano wa zaidi ya miaka 80 juu ya nani hasa mwenye televisheni ya mji: mwenye leseni, mwenye vipindi, au mwenye fedha. Miami inafaa kuchunguzwa kuliko miji mingi kwa sababu imeshapitia vurugu hii mara kadhaa, na baadhi ya wahusika wa leo ni walewale wa zamani.

Duka na rangi ya ukuta

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mfumo huu ni mgeni kidogo. ITV inayoonekana Dar es Salaam ndiyo inayoonekana Mwanza. Citizen ya Nairobi ndiyo ya Mombasa. Kinachoukaribia mfumo wa Marekani kwetu ni redio: stesheni ya FM ya mkoani inajiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC au DW kwa muda wa taarifa ya habari, kisha inarudi kwenye muziki na matangazo yake. Redio hiyo si mali ya BBC. Wamekubaliana tu.

Marekani iliijenga televisheni yake yote kwa namna hiyo. Leseni hutolewa na FCC, tume ya mawasiliano iliyoundwa mwaka 1934, na hutolewa kwa stesheni moja moja, kila moja na mji wake. Mitandao ya televisheni kama ABC, CBS, NBC na Fox haina leseni ya nchi nzima kwa sababu leseni ya namna hiyo haipo. Anayetaka kuonekana kutoka pwani hadi pwani lazima azipate stesheni za mijini: chache azinunue, zilizobaki aingie nazo mkataba. ABC, ambayo ni mali ya Disney, inamiliki stesheni nane tu, zikiwamo za New York, Los Angeles na Chicago. Kwingine kote inapita kwenye milango ya watu.

Ni kama duka la mtaani lililopakwa rangi za kampuni ya simu kuanzia msingi hadi paa. Jina la kampuni linasomeka toka mbali, jina la mwenye duka limeandikwa kwa herufi ndogo juu ya mlango. Lakini kodi, leseni, bidhaa na madeni ni vya mwenye duka, na siku kampuni ikiamua kupaka ukuta wa jirani, duka halihami.

Ukoo wa chaneli 10 unalionyesha jambo hili wazi. Herufi zake ni WPLG. W ni alama ya stesheni nyingi zilizo mashariki ya mto Mississippi. PLG ni Philip L. Graham, mchapishaji wa gazeti la Washington Post aliyefariki mwaka 1963. Kampuni ya gazeti hilo iliinunua stesheni baadaye na kuipa herufi za marehemu. Mwaka 2014 warithi wa kampuni hiyo, Graham Holdings, waliitoa kwa Berkshire Hathaway ya Warren Buffett katika mapatano ya kubadilishana hisa. Katika ukoo wote huo ABC haimo. Ilikuwa mgeni wa kudumu, aliyekaa muda mrefu hadi watu wakamdhani mwenye nyumba.

Sheria nayo ilimpa mwenye leseni nguvu fulani. Mwaka 1941 FCC ilitunga kanuni zinazozuia mtandao kuifunga stesheni mikono: mkataba wowote lazima uiachie stesheni haki ya kukataa kipindi ambacho inaona hakiufai mji wake. NBC ilikwenda mahakamani, ikashindwa mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1943, na kwa kuwa kanuni hizohizo zilikataza kampuni moja kuendesha mitandao miwili ya redio, ikauza mmoja. Mnunuzi alikuwa Edward Noble, tajiri wa pipi, na mtandao alionunua ndio ukaja kuitwa ABC. Kwa hiyo ABC inayosuguana leo na stesheni washirika ilizaliwa kutokana na kanuni zilizotungwa kuzikinga stesheni washirika.

Mji uliozoea kuhamishwa

Historia ya Miami ina sehemu chafu, na haifai kurukwa. Mwaka 1957 FCC iliitoa leseni ya chaneli 10 kwa kampuni tanzu ya shirika la ndege la National Airlines. Mwaka uliofuata uchunguzi wa Bunge uligundua kuwa kamishna wa tume hiyo, Richard Mack, alikuwa akipokea fedha kutoka kwa rafiki yake wakili aliyekuwa upande wa mwombaji huyo. Mack alijiuzulu. Leseni ikafutwa, na mwaka 1961 mmiliki mwingine akarusha matangazo. Chaneli 7 nayo iliingia kwenye kashfa ya kushawishi makamishna kwa mlango wa nyuma. Leseni yake iliishia mwaka 1962 mikononi mwa Sunbeam, kampuni ya Sidney Ansin na mwanawe Edmund.

Katika visa vyote viwili vipindi havikuhama. ABC ilibaki 10, NBC ilibaki 7. Mwenye leseni aliondoka, na mtazamaji wa kawaida huenda hakutambua. Agosti 2025 ilikuwa kinyume chake: mwenye leseni alibaki, vipindi vikaondoka, na mji mzima ukatambua. Hapo ndipo unapoona mtu wa kawaida anaiita "televisheni yake" kwa jina la nani.

Kisha ukaja mwaka 1987. NBC ilitaka kuwa na stesheni yake yenyewe Miami, ikainunua chaneli 4, WTVJ, kwa dola milioni 270. Kulikuwa na kikwazo cha kuchekesha. Chaneli 4 ilikuwa mshirika wa CBS, na mkataba wa NBC na chaneli 7 ulikuwa unaendelea hadi mwisho wa 1988. Edmund Ansin hakukubali kuukatisha hata kwa siku moja. Matokeo yake, kwa zaidi ya mwaka NBC ilimiliki stesheni inayorusha vipindi vya mshindani wake, ikavuna fedha za matangazo kutokana na vipindi hivyo, huku vipindi vyake yenyewe vikiendelea kuonekana kwa mtu iliyekusudia kumwacha.

CBS, iliyoona inapokonywa nyumba, ilinunua chaneli 6. Mnara wa chaneli hiyo ulikuwa kusini mno, upande wa Homestead, ili mawimbi yake yasigongane na chaneli 6 ya Orlando, na kwa sababu hiyo wakazi wengi wa kaskazini ya Fort Lauderdale waliipata CBS kwa taabu. Tarehe 1 Januari 1989 kila mmoja akahama. Mwaka 1995 NBC na CBS wakabadilishana tena namba, kama kipengele kimoja cha mapatano makubwa yaliyohusu miji mingine pia: CBS ikarudi 4, NBC ikaenda 6. Kwa muda wote huo wa hamahama, ABC peke yake haikusogea kutoka 10. Ndiyo maana kuondoka kwake kulishtua kuliko mengine.

Chaneli 7 iliachiwa Fox, mtandao uliokuwa na umri wa miaka miwili na ushei, wenye vipindi vya siku chache kwa wiki na usio na taarifa ya habari hata moja. Ansin alizijaza saa zilizobaki kwa habari za hapahapa: uhalifu, ajali, vimbunga, picha za kukimbizana, sauti za juu. Wakosoaji walimkejeli kwamba ameigeuza habari kuwa sinema. Watazamaji waliangalia. Miaka michache baadaye kampuni yake ilikuwa na nguvu ya kununua stesheni nyingine Boston.

Nani anamlipa nani

Chanzo kikuu cha mtafaruku wa 2025 ni fedha, na fedha hizi zimegeuza mwelekeo.

Tangu enzi za redio, mtandao ndio uliokuwa ukiilipa stesheni. Mtandao ulihitaji saa za hewani, stesheni ilikuwa nazo, basi mtandao ulizinunua. Stesheni nzuri katika mji mkubwa ilikuwa lulu. Hali hiyo ilifika kilele mwaka 1994. Miezi michache kabla, Fox ilikuwa imeipokonya CBS haki za sehemu kubwa ya mechi za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, lakini haikuwa na stesheni zenye mawimbi ya kuridhisha za kuzirushia. Mei 1994 ikaweka dola milioni 500 katika kampuni ya New World, na stesheni 12 zikaahidiwa kuhamia kwake, nyingi zikitoka CBS. Huko Detroit CBS ilibaki bila pa kukaa hadi ikanunua chaneli 62, stesheni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1975 na wamiliki weusi, kwa dola milioni 24. Mtandao wa CBS, katika mojawapo ya miji mikubwa ya nchi, ukahesabiwa pamoja na chaneli ambazo watu walizifikia kwa kuchoka kubonyeza rimoti.

Wakati stesheni zikifurahia kutongozwa, sheria nyingine ilikuwa ikichemka polepole. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilizipa stesheni haki ya kudai malipo kutoka kwa kampuni za kebo zinazozibeba. Mwanzoni kampuni za kebo ziligoma kutoa fedha taslimu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zililegea, na ada hizo zikakua hadi kuwa mabilioni ya dola kwa mwaka. Hapo mitandao ikauliza swali lililokuwa halina jibu zuri: kampuni ya kebo inailipa stesheni kwa sababu ya kipi hasa, taarifa ya habari ya mji au mpira wa Jumapili? Ikadai sehemu yake. Kisha sehemu kubwa zaidi. Leo stesheni nyingi hupeleka kwa mtandao sehemu kubwa ya kile zinachokusanya kutoka kwenye kebo na setilaiti.

Dalili ya kwanza ya mwelekeo huo kugeuka ilionekana San Francisco. Mwaka 2000 chaneli 11 ya mji jirani wa San Jose ilikubali kuilipa NBC mamilioni ya dola kila mwaka ili iwe mshirika wake, jambo ambalo miaka kumi kabla lingeonekana wazimu.

Sasa ongeza mambo mawili. Wateja wa kebo wanapungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mfuko unaogawanywa unanywea. Na mitandao yenyewe imeanza kuvipitisha vipindi vyake pembeni: kipindi cha ABC cha leo usiku kesho kiko Hulu, huduma ya intaneti ya Disney, na Disney ina programu zake za kulipia kwa ajili ya michezo. Stesheni ya mji inatakiwa kulipa zaidi kwa ajili ya kuwa mlango pekee, wakati mlango haupo mmoja tena. Hesabu hiyo ndiyo iliyowashinda wenye chaneli 10, na Machi 2025 wakatangaza kwamba hawatahuisha.

Hoja ya mtandao

Mtandao una hoja, na si haki kuudhihaki. Mikataba ya NFL iliyotiwa saini mwaka 2021 inazidi dola bilioni 100 kwa miaka 11, ikigawanywa kwa kampuni kadhaa. Hakuna stesheni ya mji, hata ya New York, inayoweza kununua kipande cha maana cha haki hizo. Waandishi wa Washington, wapiga picha walioko vitani, sherehe za Oscar, tamthilia zinazogharimu mamilioni kwa kila kipindi: vyote hivyo mtandao hulipia, na stesheni ilivipata kwa miongo mingi bila kutoa senti, tena ikalipwa juu yake. Kwa macho ya Disney, stesheni ilikuwa ikikusanya ushuru kwenye barabara iliyojengwa na mwingine.

Udhaifu wa hoja hiyo unaonekana pale mtandao unapopata nguvu zote. Mwaka 2009 Ansin, ambaye stesheni yake ya Boston ilikuwa mshirika wa NBC, alitangaza kwamba saa nne usiku ataweka habari za Boston badala ya kipindi kipya cha mchekeshaji Jay Leno. NBC ilimtishia kumnyang'anya ushirika, na ndani ya wiki mbili alinywea. Haki ya kukataa kipindi aliyokuwa nayo tangu kanuni za 1941 ilikuwepo kwenye karatasi. Kwenye meza ya mazungumzo haikuwepo. Mwaka 2016 NBC ikatangaza itaondoka Boston na kuanzisha stesheni yake yenyewe. Ansin alishitaki, mahakama ikaitupa kesi, na tarehe 1 Januari 2017 NBC ikahama. Kwa mara ya pili familia ileile iliachwa na mtandao uleule kwa sababu ileile: NBC ilitaka kumiliki, si kushirikiana.

Kuna jambo jingine. Mtandao hauna haja na baraza la jiji la Hialeah, jirani ya Miami. Stesheni zinazomilikiwa na mitandao hufanya habari za mji, na nyingine huzifanya vizuri sana, lakini bajeti yake hupangwa na watu wanaohesabu pia hasara za studio za filamu na bei za usajili wa programu.

Hoja ya makampuni makubwa

Jibu la wengi wenye stesheni limekuwa kuungana. Nexstar inamiliki au inashirikiana na stesheni zaidi ya 200. Sinclair na Gray wanafuata. Agosti 2025, mwezi uleule wa vurugu za Miami, Nexstar ilitangaza kuinunua Tegna, kampuni nyingine ya stesheni, kwa dola bilioni 6.2, ununuzi ambao ungeivusha kwa mbali kikomo cha asilimia 39 ya kaya za nchi kilichowekwa na Bunge mwaka 2004.

Mantiki yao inaeleweka. Mwenye stesheni moja akikaa na Disney mezani, anakaa kama mwombaji. Mwenye stesheni 30 za ABC anakaa kama mtu ambaye akisimama na kuondoka, ABC inapotea katika miji 30. Gharama za uhandisi, uhasibu na mauzo zinagawanywa. Stesheni za miji midogo ambazo peke yake zingekufa hupata pumzi.

Nguvu hiyo ilionekana wazi Septemba 2025. ABC ilikisimamisha kipindi cha usiku cha mchekeshaji Jimmy Kimmel kwa maneno yake yaliyozua ghadhabu, kisha ikakirudisha tarehe 23. Nexstar na Sinclair, zenye stesheni za ABC karibu 70 kwa pamoja, hazikukirudisha hadi siku tatu baadaye. Kisheria walikuwa wakitumia haki ya 1941. Ila haki ile iliwekwa kwa sababu mwenye stesheni anaishi na watazamaji wake, anawajua, wanamkuta kanisani na sokoni. Septemba ile watu wa Seattle na Nashville waliamuliwa kwa mkupuo mmoja, kutoka makao makuu ya kampuni hizo, Hunt Valley, Maryland, na Irving, Texas. Isitoshe, Nexstar wakati huo ilikuwa ikihitaji ridhaa ya FCC kuhusu Tegna, na mwenyekiti wa FCC alikuwa ameshakilaani kipindi hadharani. Nexstar ilisema iliamua yenyewe. Huenda. Lakini mwenye stesheni asiyeomba kibali cha mabilioni hahitaji hata kuulizwa.

Mfano wa 2018 ni mbaya zaidi kwa maoni yangu, kwa kuwa haukuwa na sababu ya kibiashara. Sinclair iliwaamuru watangazaji wa miji mbalimbali kusoma ujumbe mmoja, neno kwa neno, kuhusu habari za uongo. Mtu mmoja alizikusanya picha zao pamoja, na Marekani ikaona watangazaji kadhaa, kila mmoja na nembo ya mji wake begani, wakitamka sentensi moja kwa pumzi moja.

Hoja ya anayebaki peke yake

Njia ya tatu ndiyo aliyoichukua chaneli 10: kuacha mtandao na kujaza saa kwa habari za mji na vipindi vya kununua. Faida yake ya kwanza ni ya hesabu. Kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku, nafasi nyingi za matangazo ya biashara ndani ya vipindi vya ABC ziliuzwa na ABC. Sasa zote ni za stesheni. Faida ya pili ni Florida yenyewe. Kuanzia Juni hadi Novemba, kimbunga kikitajwa Karibi, hakuna mtu wa Miami anayetaka tamthilia.

Kuna ushahidi kwamba inawezekana. WJXT ya Jacksonville, ambayo wakati huo ilikuwa ya kampuni moja na chaneli 10, iliachana na CBS mwaka 2002 na haikufa. Imebaki miongoni mwa stesheni za habari zenye nguvu mjini mwake. Huko Boston, stesheni ya Ansin iliendelea bila NBC. Siku 12 baada ya Miami, Gray, kampuni kubwa kabisa, iliiacha CBS katika stesheni yake ya Atlanta.

Halafu kuna San Francisco, ambayo wapenzi wa njia hii hupenda kuisahau. Mwishoni mwa 1999 kampuni ya Young ilikubali kuinunua KRON, chaneli 4, kwa zaidi ya dola milioni 800, ikiishinda NBC yenyewe katika zabuni. NBC iliyoshindwa ikaweka masharti magumu kwa mshindi, Young ikayakataa, na mwanzoni mwa 2002 ushirika ukahamia San Jose. KRON nayo ilijaza saa kwa habari, tena ilikuwa na jina la kuheshimika. Haikusaidia. Deni lilikuwa la stesheni ya NBC, mapato yakawa ya stesheni isiyo na mtandao, na Februari 2009 Young ikaomba kinga ya muflisi.

Tofauti ya Jacksonville na San Francisco haikuwa ubora wa habari. Ilikuwa deni. Mwenye stesheni asiyedaiwa anaweza kustahimili miaka miwili mibaya wakati watazamaji wakizoea. Anayedaiwa hana miaka miwili.

Kupima

Ukiziweka njia tatu pamoja, hakuna iliyo safi. Mtandao unaleta vitu ambavyo mji hauwezi kujinunulia, ila unashindana kwa siri na mshirika wake mwenyewe. Makampuni makubwa yana nguvu ya kujadiliana ambayo ndiyo hasa iliyokosekana Miami, lakini nguvu hiyo huitoa mjini na kuipeleka makao makuu. Anayebaki peke yake anaujibu mji wake moja kwa moja, ila kwa masharti makali: mji uwe mkubwa, chumba cha habari kiwe tayari kinaaminika kabla ya kuachwa, na mwenye mali awe na mfuko mzito na subira.

Chaneli 10 inatimiza masharti hayo matatu, na ndiyo maana naona uamuzi wake ulikuwa sahihi. Siamini unafaa kuigwa na stesheni ya mji wa watu laki mbili, ambako matangazo ya biashara ya duka la magari na hospitali moja hayawezi kulipa waandishi wa kujaza siku nzima. Kwa miji hiyo chaguo la kweli liko kati ya mtandao na kampuni kubwa, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja.

Aliyefaidika zaidi Miami, hata hivyo, si chaneli 10 wala ABC. Ni chaneli 7. Sunbeam, iliyoachwa na NBC mara mbili, sasa inaibeba Fox kwenye 7.1 na ABC kwenye 7.2, kwa leseni moja. Kwa miaka mingi FCC ilizuia kampuni moja kumiliki stesheni mbili kati ya nne bora za mji. Chaneli ndogo za kidijitali zilikuwa mwanya katika kanuni hiyo, na Julai 2025 mahakama ya rufaa iliibatilisha kanuni yenyewe. Kwa hiyo mitandao miwili mikubwa imepita mlango mmoja bila leseni yoyote kubadili mwenyewe, na bila mkazi yeyote kuulizwa. Hilo linastahili wasiwasi zaidi kuliko kupotea kwa kipindi cha asubuhi, na halikupata hata robo ya kelele.

Mkazi wa Miami anayetaka kujua televisheni yake ni ya nani hana haja ya kutazama nembo iliyo pembeni ya kioo. Kila stesheni yenye leseni ya kawaida ya kibiashara inalazimika kuweka jalada la umma kwenye intaneti, linaloonyesha wamiliki wake na mikataba yake na mitandao. Leseni hutolewa kwa miaka minane, na za Florida zinaisha Februari 2029. Wakati wa kuzihuisha anaweza kuwasilisha pingamizi dhidi ya chaneli 7, au dhidi ya chaneli 10. Dhidi ya ABC hana pa kuliwasilisha, kwani huko Miami ABC haina leseni ya televisheni.